Kidole Tumbo Kilichobaki Mahali Pake

Maumivu yalinianza kwenye mazoezi ya kwaya pale Ipogolo, tukirudia ubeti wa pili. Yalianzia kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, nikakaa ghafla. Mwalimu wa kwaya alidhani nimesusa.

Mama hakusubiri daktari. Yeye alitolewa kidole tumbo akiwa msichana, na kovu lake ukoo mzima umeliona. Alinibonyeza mara moja, nikapiga kelele. "Ndicho chenyewe!" alisema. Tukiwa bado kwenye bajaji kwenda hospitali, akampigia shangazi yangu kule Iyunga, Mbeya: "Wifi, mtoto anapasuliwa leo!"

Mimi nilikuwa nimejikunja, nawaza kisu.

Daktari alikuwa dada mpole mwenye mikono ya baridi. Alinipapasa, akaniuliza kuhusu hedhi, akasoma majibu ya damu na mkojo.

"Inaweza kuwa kidole tumbo," alisema. "Lakini kwa mwanamke, upande huo una mengi. Nataka tupige utrasaundi kwanza."

"Ya nini tena?" Mama akadakia. "Si mpasue tu, mtaona humo humo."

"Mama, nikikuta kizima nitakuwa nimemchana bure."

Basi nikapakwa jeli tumboni. Daktari alisogeza kifaa taratibu, akarudia palepale, akakandamiza hadi nikang'ata khanga. Kisha akatugeuzia kioo.

"Kidole tumbo hiki hapa. Hakijavimba. Kilichokuumiza ni kifuko cha maji kwenye ovari, kimepasuka. Maji yenyewe ni kidogo, yatanyonywa na mwili. Tutakulaza tukuangalie, lakini upasuaji hauna sababu."

Nilishusha pumzi. Mama yeye alisogeza uso nusura agonge kioo.

"Ndicho hicho? Kadogo hivyo?"

"Ndicho, mama."

"Na mimi walinichana vile kwa ajili ya kadudu kama haka?"

Nilicheka, nikaumia, nikacheka tena. Hata daktari alishindwa kujizuia.

Kesho yake, maumivu yamepungua, niliruhusiwa na vidonge vya kutuliza. Jioni shangazi akashuka kutoka Mbeya, jogoo kwapani. Alinikuta mlangoni nachambua mchicha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe! Mtu aliyepasuliwa jana anainama hivyo?"

"Sikupasuliwa. Walipiga picha, wakakuta kizima."

Alimtazama Mama, akanitazama mimi, kisha akamtazama jogoo.

"Haya, pole hivyohivyo," alisema. "Maji ya moto yako wapi?"