Mama wa kitanda cha pili

Leo nimemnywesha mama yangu uji, mikono yake haiwezi tena kushika kikombe.

Akalia. Nikadhani nimemuunguza.

Kumbe amekumbuka mbali: miaka ya hamsini, akiwa binti mdogo, alilazwa hospitali Iringa kwa ugonjwa wa kifua. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja Mnyakyusa aliyefiwa na mwanawe. Hasemi wala hali.

Siku mama yangu alipoishiwa nguvu, yule mama aliinuka akamnywesha uji.

"Kunywa, mwanangu."

Tangu hapo yule mama naye akaanza kula. Wauguzi walishangaa!

Mama yangu akapona, babu akaja kumchukua. Baadaye wakapata habari: yule mama aligeukia ukutani, akagoma kula mpaka akafa.

"Kunilisha ndiko kulikomweka hai," mama kaniambia.

Jamani, nikamsogezea kikombe tena.