Geuka upande, Mama Atupele

Jamani, leo nimepigwa picha ya gazeti kwenye ukuta wa nyumba yetu inayotaka kubomolewa!

Mwandishi amekuja hapa Iyunga na balozi wetu wa nyumba kumi.
Akaniambia niufunike kwa mwili ule msalaba mwekundu wa bomoabomoa waliotuchorea ukutani, halafu nicheke.
Habari ameshaiandika: wakazi wanahama kwa furaha.

Furaha gani? Kiwanja cha kuhamia hata hatujaonyeshwa.

Nikamwuliza, "Kaka, mbona tunaficha?"
Akaangalia kwanza balozi yuko wapi.
"Dada, msalaba ukionekana, mhariri ataitupa picha. Na mimi nina watoto."

Nikamhurumia, kweli tena. Nikacheka.

Kumbe balozi hajaridhika!
"Mama Atupele, mtoto haonekani huko mgongoni. Geuka upande, watu waone afya yake!"

Haya, nikageuka.
Msalaba ukatokea wote, karibu na kichwa cha mwanangu.
Balozi anamchekea mtoto, wala haoni.

Mwandishi akainua kamera, akasita, akanitazama.
Akapiga.

"Mimi nimeona mtoto tu," akasema.

Wenzangu wa Iringa, gazeti likifika huko, msiniangalie mimi. Angalieni ukuta, mniambie kama msalaba wameuacha.