Mstari Uliosema Endelea

Mimi si mtu wa kuona vitu. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na subira, na kazi yangu ni kuandika makro, yaani amri fupi zinazowekwa ndani ya lahajedwali, lile jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, ili lijifanyie kazi lenyewe. Kazi hii humfundisha mtu asiamini jambo mpaka alirudie na lije vilevile. Hili ninalokusimulia halikurudia. Hata hivyo lilitokea, na mama aliyekuwa ndani ya tangi yuko hai mpaka leo kwa sababu yake.

Ilikuwa Olenguruone, mchana, kwenye kituo cha kupozea maziwa. Ukungu wa msitu wa Mau ulikuwa umeshuka ukaziba madirisha, hata taa tukawasha. Aliyeniita ni Mama Chela, karani wa pale, mwanamke wa makamo mwenye mdomo mwepesi.

"Karibu, fundi," alisema akinitazama nikipuliza vidole. "Nyinyi watu wa Nakuru mkiona baridi ni kama mmeona simba."

Shida ilikuwa hii. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imeunganishwa na tangi kwa waya. Ukibonyeza kitufe kwenye lahajedwali, makro ilikagua kama kifuniko cha tangi kimefungwa, kisha ikawasha mapanga ya kukoroga maziwa. Sasa mapanga yalikuwa yakiwaka hata wakati hayakupaswa kuwaka, na kompyuta haikulalamika.

"Nani aliandika hizi amri?"

"Kiprono. Alikuwa fundi hapa," akasema polepole. "Alifariki."

Nikampa pole, sikuuliza zaidi. Wewe ungeuliza?

Nilipofungua makro, ugonjwa niliuona juu kabisa. Mstari mmoja: On Error Resume Next. Kwa Kiswahili chetu, likiharibika jambo, nyamaza, endelea na mstari unaofuata. Wanaojifunza wenyewe huupenda sana mstari huo, maana unafukuza visanduku vya makosa, na mtu hujiona ametengeneza. Hajatengeneza kitu. Amemziba mgonjwa mdomo.

Mama Chela alivaa gumboots. "Haya, mimi naenda kuosha mitungi. Wewe endelea."

Ndivyo tunavyoagana huku. Mtu aliye kazini haambiwi kwaheri, anaambiwa endelea.

Nikaufuta ule mstari. Mahali pake nikaandika kwamba hitilafu ikitokea, makro irukie chini na kufungua kisanduku cha ujumbe kinachoonyesha nambari ya hitilafu na maelezo yake. Kisha, mtu akishabonyeza OK, irudi iendelee na mstari unaofuata. Nilitaka kuziona hitilafu zote kwa mkupuo mmoja. Tangi lilikuwa tupu, maziwa ya jioni hayajaletwa. Nani angeumia?

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume mwenye koti la mvua na gumboots, ya kushoto ina kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli. Koti lilikuwa linachuruzika maji.

"Chamgei, boss."

"Chamgei mising," nikajibu. Kikalenjin changu kinaishia hapo.

Akaketi kwenye benchi nyuma yangu. Nilidhani ni mkulima amekuja kusubiri ukungu upungue.

"Umetoa ile endelea?" akauliza.

"Nimetoa."

"Umetoa ya juu. Ya chini umeiacha."

Pale alipoketi, herufi za kwenye skrini hazisomeki. Niamini, sikuogopa, niliudhika tu. "Mzee, kwani unajua mambo ya makro?"

"Nilijua kidogo," akasema. "Kidogo ndiyo mbaya."

Nikabonyeza kitufe cha kuendesha makro, na mara kisanduku kikatokea katikati ya skrini. Kidole changu kilikuwa tayari kinaelekea OK. Usinicheke. Wewe mwenyewe, visanduku vingapi umevibonyeza bila kuvisoma?

Mkono ukanishika kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa baridi kama bomba la chuma alfajiri.

"Soma kwanza."

Nikasoma. Nambari: 0. Sasa, kwa kompyuta, sifuri maana yake hakuna hitilafu. Kisanduku hakikuwa na sababu ya kufunguka. Na pale pa maelezo, ambapo mashine huandika Kiingereza chake kikavu, paliandikwa: Kuna mtu ndani.

Nikageuka. Benchi lilikuwa tupu, na kavu. Mlango umefungwa. Ofisi nzima inanuka maziwa yaliyolala.

OK sikuigusa. Nilichomoa waya wa umeme wa tangi ukutani, nikakimbia nje ndani ya ukungu. Nilipokaribia ngazi ya tangi nikasikia wimbo wa kanisani, sauti nzito kama inayotoka kisimani. Kifuniko kilikuwa wazi. Mama Chela alikuwa amepiga magoti chini kabisa, katikati ya yale mapanga, anasugua kwa brashi.

"Mama Chela, toka!"

"Ngoja nimalize hii kona. Muoshaji wa tangi hakuja leo."

"Toka sasa hivi!"

"Wee! Kwani fundi ameona simba kweli?"

Alipotoka nilimweleza yote. Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Gumboot ya kushoto ilikuwa na kiraka?"

"Chekundu."

Akaketi kwenye ngazi. "Hicho kiraka nilikibandika mimi. Kiprono alikuwa mume wangu. Alifia humo ndani akiosha, kifuniko kikiwa wazi hivi hivi. Watu walisema amelogwa, na wengine walikuwa wananiangalia mimi wakisema."

Nikamweleza polepole, kama ninavyokueleza. Waya wa kifuniko ulikuwa mbovu. Kitufe kilipobonyezwa, makro iliukagua ikapata hitilafu. Mstari wa Kiprono mwenyewe ukaificha, mashine ikaendelea, ikawasha mapanga. Na mimi ningebonyeza OK leo, ile endelea yangu ya chini ingeyawasha vilevile.

"Kwa hivyo hakulogwa."

"Hapana, mama."

"Alisema nini kunihusu?"

"Alisema kuna mtu ndani."

Hapo ndipo alipolia.

Makro niliiandika upya. Hitilafu yoyote ikitokea, inazima kila kitu na kusimama, na haiwaki tena mpaka mtu aende kwa miguu akachungulie ndani ya tangi. Yale maneno matatu niliyatafuta kwenye amri zote, herufi kwa herufi. Hayakuwemo.

Tangu siku hiyo kifundo changu kina mahali pasipopata joto, hata nikikaa karibu na jiko. Na nikiwa kwenye ofisi za watu Nakuru, mtu akinyoosha kidole abonyeze kisanduku ambacho hajakisoma, mimi husikia harufu ya maziwa yaliyolala. Humshika mkono. Wengine hunitukana, sijali.

Mama Chela bado ni karani pale. Ukimpata kazini mkaagana, hatakuambia endelea. Neno hilo ameliacha. Na wewe unayenisikiliza, kisanduku kikikufungukia, toa mkono kwanza. OK ni kuitika, na nyanya zetu walitukataza kuitika kabla ya kujua nani anaita. Soma. Huenda aliyekiandika hana njia nyingine ya kukufikia.