Profesa wa Nyuki wa Majengo

Mtu aliyeanza na debe moja la uwele hadi akajenga ghala Majengo hashangazwi na kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, mimi niliyeishia darasa la nne.

Redio moja hapa Dodoma ina kipindi cha elimu ya nyuki. Mwishoni mtangazaji huuliza swali, huweka muziki, kisha hutoa jibu. Kinaruka alfajiri, wenzangu wakiwa njiani na mizigo, na saa tisa alasiri kinarudiwa. Alfajiri nasikiliza peke yangu nikinyoa ndevu. Alasiri, sokoni, nakunja uso kama ninayewaza, halafu najibu kabla ya mtangazaji. Wiki mbili tu, nikaitwa Profesa.

Mama Zuhura, muuza karanga jirani yangu kwenye safu yetu ya meza sokoni, ndiye hakuamini.

“Wewe unaibia mahali. Nikikukamata, unanunulia safu nzima soda. Nikishindwa, nanunua mimi.”

“Andaa hela, mama.”

Alasiri ya siku hiyo, jibu lilikuwa linaniwasha ulimini. Mtangazaji alikuwa akisoma salamu za wasikilizaji wa Chemba. Alipotua kidogo kuvuta pumzi, nikaruka kutoka kwenye gunia.

“Matano!”

“Matano nini, Profesa?” akauliza Mama Zuhura.

Safu nzima ikageuka kunitazama. Ndipo redio ikasema, “Haya, swali letu la leo: nyuki ana macho mangapi?”

Mama Zuhura alicheka mpaka akakalia karanga zake. Kreti nzima, soda ishirini na nne kwa mia saba kila moja: shilingi elfu kumi na sita na mia nane.