Mama Kona, lenzi pana na ndoo nyekundu

Saa nne asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili amechuchumaa kwenye kona ya chumba kitupu kinachonuka rangi mbichi. Kamera yake iko juu ya stendi, usawa wa kifua chake. Katikati ya sakafu kuna ndoo nyekundu ya lita ishirini, na haijasahauliwa pale.

"Rudi nyuma kidogo," anasema dalali aliyeegemea mlango.

Mwanamke anafumba macho, anashusha pumzi. "Kaka, safari hii wewe ndiye urudi nyuma. Kiatu chako kimo kwenye picha."

Dalali anatazama kiatu chake, anatazama kamera iliyo mbali, haamini. Anasogea. Kiatu bado kimo. Anasogea tena mpaka anaishia kwenye korido, amenuna.

Kwa miaka sita mwanamke huyu amepiga picha za nyumba za kupangisha na kuuza, na kwa miaka sita ameambiwa arudi nyuma kidogo. Ameambiwa akiwa juu ya sinki, akiwa ndani ya beseni la kuogea, akiwa ndani ya kabati la nguo huku bomba la kutundikia nguo likimkwaruza kisogo. Madalali wakambandika jina la Mama Kona, na jina likaganda. Hata binti yake wa kidato cha pili anaitwa Binti Kona shuleni, jambo ambalo binti hajalisamehe.

Tatizo lilikuwa lenzi. Kamera aliinunua mkononi mwa mtu, enzi alipokuwa akipiga picha za vitambulisho kwenye kibanda cha kaka yake, na ilikuja na lenzi ya kawaida inayoanzia milimita kumi na nane. Uso wa mtu inauchukua vizuri. Ukiipeleka chooni, inakupa bomba na nusu ya ndoo. Ili chumba kizima kiingie alihitaji lenzi pana ya milimita kumi hivi, maana kadiri namba inavyopungua, ndivyo chumba kinavyozidi kuingia.

Angeendelea kuvumilia, kama si jengo jipya la nyumba arobaini. Mwenye jengo, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alitaka picha za mfano ndani ya wiki tatu, kila chumba kionekane chote kwa picha moja. Kazi nzima ingemlipa Mama Kona zaidi ya anachokipata kwa miezi mitano ya kukimbizana na madalali. Asipoweza, atafutwe mwingine.

Hapo ndipo washauri walipomiminika. Kaka yake alimwambia atumie simu tu. Shemeji yake alimletea kioo cha kufunga mbele ya lenzi, bei ya chakula cha mchana, akaapa kwamba ni kilekile. Mama Kona alikifunga, akapiga sebule, na kuta zikapinda kama ndizi. Dalali alipoiona picha aliuliza kwa upole kama nyumba ina nyufa.

Dukani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Lenzi mpya aliyoitaka iliuzwa sawa na kodi ya nyumba yake ya miezi tisa. Muuzaji wa vitu vilivyotumika akamtolea ya bei nafuu, ya kampuni nyingine kabisa, akawa anaisukuma kwenye kamera kama anayefunga mfuniko wa sufuria isiyo yake. "Alikuwa anasema itaingia tu, mama, itaingia tu," anasimulia Mama Kona, na mpaka leo sauti yake inapanda. "Nikamwambia ukivunja shingo ya kamera yangu, utaingia wewe."

Duka la nne likawa na lenzi kuukuu ya milimita kumi, kioo safi, bei robo ya ile mpya. Kasoro yake ilikuwa moja: kwenye kamera kama yake haikuweza kurekebisha ukali wa picha yenyewe. Ilibidi izungushwe kwa mkono, taratibu, kila mara. Washauri wote walimwambia asithubutu, hiyo ni hasara tupu.

"Nikawauliza, chumba kinakimbia?" anasema. "Ninyi mnapiga mpira, mimi napiga ukuta. Ukuta unanisubiri."

Akainunua, na kwa siku mbili alikuwa mwanamke mwenye furaha. Alijaribu lenzi kwenye chumba kimoja cha dalali yuleyule, cha kupangisha, na kwenye picha chumba kikageuka ukumbi. Dirisha lilikuwa mbali, sakafu ilitanuka. Dalali akaisambaza siku hiyohiyo, na siku ya tatu akampigia simu Mama Kona aje haraka, kuna mpangaji anamvunjia heshima.

Mpangaji alikuwa muuguzi, mama wa watoto wawili. Alitoka mji mwingine, amelipa kwa kuitazama picha tu, amefika na vitu vyake juu ya mkokoteni. Kitanda chake cha futi tano kwa sita kilikuwa kimeingia chumbani, na baada ya hapo hakuna kingine kilichoweza kuingia. Mlango wenyewe uligonga mbao na kukataa kufunguka. Kabati na meza vilibaki uani, watoto wamekaa juu ya meza.

Dalali akamnyooshea kidole mpiga picha. Mama Kona akaanza kueleza habari za milimita, akajisikia anavyoongea, akaacha. Haya zilimshika. Hakuwa amedanganya kitu, kila alichopiga kilikuwepo, na bado mwanamke mwenzake alikuwa amesimama uani na watoto wake kwa ajili ya picha yake.

Muuguzi hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe picha zote, akazipitia moja moja kwenye kamera. Akafika kwenye ile iliyoharibika. Mama Kona hutembea na ndoo ya vitambaa vya kufutia vioo, maana nyumba nyingi huzikuta hazijasafishwa, na siku ile hakukumbuka kwamba lenzi mpya inaona hadi pembeni. Ndoo ilibaki ukutani, nyekundu, ikionekana kwa kila mtu. Picha hiyo hakumpa dalali.

"Ungenionyesha hii, dada," alisema muuguzi, "nisingebeba kitanda."

Basi. Dalali alirudisha pesa kwa shingo upande, baada ya Mama Kona kukataa kuondoka uani pale mpaka azirudishe.

Ijumaa ilipofika, Mama Kona alipeleka picha za mfano kwa mwenye jengo, na katika kila moja ndoo ilikuwa katikati. Dalali, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kulitafutia jengo wapangaji, alishika kichwa. Alimuuliza kama anauza nyumba au vyombo. Mama Kona mwenyewe anakiri kwamba aliogopa, kwa sababu binti yake alikuwa anasubiri ada kutoka kwenye kazi hiyohiyo.

Mwenye jengo alizitazama kwa muda mrefu, akauliza ndoo ile ina upana gani. Futi moja, akajibiwa. Akahesabu kwa kidole, ndoo kwa ndoo, ukuta hadi ukuta, akapata futi kumi na moja, na ndivyo chumba kilivyo. Akasema amechoka kupandisha watu ngazi waje wagune na kushuka. Akampa ghorofa moja, nyumba kumi, kwa majaribio. Ghorofa nyingine tatu zitategemea wapangaji.

Ndiyo kazi anayoifanya asubuhi hii. Anazungusha lenzi kwa vidole viwili, anasogeza ndoo kidogo, anarudi konani kwake. Simu inatetemeka mfukoni. Ni yule muuguzi, bado anaishi kwa dada yake, vitu viko stoo. Ameona picha za jana, na ana swali moja.

"Nyumba namba saba, chumba kikubwa, ndoo ngapi?"

"Kumi na moja kwa kumi," anajibu Mama Kona. "Na mlango unafunguka kwa nje. Nimeufungua mwenyewe."

Muuguzi anasema atakuja Jumamosi na mkokoteni.

Mama Kona anarudisha simu mfukoni. Anasema akipata ghorofa zote nne atalipa ada ya binti, kisha atafungua ofisi yake ndogo, yenye kiti cha kukalia na si kona ya kuchuchumaa. Lakini akiulizwa hasa anataka nini, hataji ofisi.

"Nataka mtu akiona picha yangu, abebe kitanda chake mara moja tu."