Vazi la Mlinzi wa Kisima

Mdogo wangu Hanifu alikuwa fundi bati. Naanza na hilo kwa sababu siku za msiba watu walisema mengi, mara alikuwa mcheza gemu, mara alikuwa mtu mzima asiyekua, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikiwasikiliza tu kwa vile sikuwa na uso wa kumjibu mtu. Alikuwa fundi. Majiko ya mkaa ya nusu ya Area D yametoka mikononi mwake, na mifereji ya kukingia maji ya mvua, na makarai. Hata hii nyumba ya Mkonze tuliyokuwa tukiishi mimi na yeye, baada ya mimi kuachika na yeye kukataa kuoa, bati zake alizipiga mwenyewe.

Gemu zilimwingia ukubwani. Mteja wake mmoja wa ofisini alihamishwa mkoa, akamwachia kompyuta ya zamani, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa dunia iliyokwisha. Nilichungulia siku moja. Mtu anatembea peke yake kwenye magofu, mji mzima hauna hata mbwa, anaokota makopo, anatafuta maji. Nikamuuliza Hanifu, huyu mwenzetu anahangaika na maji miezi yote hii, si aje hapa Mkonze tumpe ndoo naye apange foleni bombani? Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema, "Kweli dada, ingekuwa ni hapa, ingekuwaje?"

Laiti ningefunga mdomo wangu. Wiki ile ile wakafungua kundi la simu, yeye na kijana mmoja wa chuo anaitwa Geofrey, wakaliita Kisima. Watu wakajazana humo, wa Dodoma, wa Singida, wa Bahi, wote wagonjwa wa michezo ya namna hiyo. Kazi yao ilikuwa kutunga dunia yao wenyewe: Dodoma, miaka sitini baada ya kiangazi ambacho hakikuisha. Nakwambia walibishana kama wabunge. Reli itabaki au watu watang'oa vyuma? Zabibu zitaota zenyewe? Nani atajua kusoma? Hanifu alikuwa anagonga jiko huku simu imeegeshwa kwenye tofali, sauti za watu zinatoka moja baada ya nyingine, naye anajibu kwa kupaza sauti juu ya nyundo. Nilimsema mpaka nikachoka. Nilimwambia mwanamume wa miaka arobaini na moja anapanga maisha ya watu ambao hawajazaliwa, na nyumba yake mwenyewe haina mtoto. Hilo neno nalijutia, lakini nilishalisema.

Kulikuwa na mwalimu wa jiografia huko Bahi, Dorkasi, Mgogo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Wanaume wa kundi walikuwa wamejaza dunia yao bunduki na pikipiki za vita. Siku moja akatuma sauti, hata mimi niliyekuwa nachambua mchele nikaacha kuchambua. Alisema bibi yake alisimuliwa habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya zamani ya Ugogo. Alisema dunia hapa kwetu ilishawahi kwisha, na waliobaki hawakubaki kwa silaha, walibaki kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua mizizi ipi haina sumu, na mwingine aliyejua pa kuchimba maji, na wakakubali kugawana. Tangu siku hiyo Hanifu akawa na mtu wake mmoja tu wa kumfikiria, mlinzi wa kisima. Huyo hukaa mdomoni mwa kisima kuanzia alfajiri, na hanywi mpaka wa mwisho kwenye foleni awe amekunywa.

Wakakubaliana kila mmoja atengeneze vazi la mtu wake, na siku ikifika wakutane kwenye ukumbi mmoja mjini, kila mtu avae alichotengeneza. Masharti yalikuwa mawili. Kila kitu kitokane na vile vinavyopatikana hapa hapa kwetu. Na picha ni marufuku, hata moja, mpaka siku yenyewe, kwa sababu mwanzoni kuna mtu alituma picha ya kazi yake na wiki iliyofuata watu sita wakawa wameiiga.

Hanifu alianza na maboksi. Alikata, akagundisha, akapaka rangi ya fedha, akatoka nalo uani amelivaa. Kofia ndefu, kifua kimenyooka, mabegani kuna mabawa mawili madogo. Lilikuwa linang'aa, nisiwe mwongo. Akaniambia, "Dada, hili ndilo vazi lenyewe." Nikamwambia angalau leo umefanya kitu cha macho.

Baada ya hapo kazi ikahamia stoo, na hapo ndipo tulipogombana kweli. Alinunua mapipa ya chuma, akayapasua, akayapiga, halafu akaanza kuyamwagia chumvi yangu na siki yangu ya kachumbari. Nyumba ikanuka. Asubuhi anatoa vipande juani, jioni anavirudisha, anavisugua kwa majivu, anavipaka udongo mwekundu alioufuata kwetu Kondoa kwenye makorongo. Nikamjia juu, nikamwambia fundi mzima anaozesha chuma kizima, bora angenipa mimi nikatengeneze karai. Akasema, "Bado hakijaiva, dada." Ndivyo alivyokuwa anasema kila siku kwa miaka mitatu, hakijaiva. Mimi nikajua dawa anazochanganya zimemshinda na anaona aibu kukiri. Sikuingia stoo kutazama. Nilikuwa napita na ndoo zangu, nafunga pua, naenda zangu.

Mwaka huu miguu yake ikaanza kuvimba. Tukadhani ni kusimama sana. Tulipofika hospitali wakatuambia ni figo, zote mbili, na zimeshakwenda mbali. Akaanza kusafishwa damu. Mwezi wa nane akalazwa, na mkutano wao ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo huo.

Sikuwahi kumwona Hanifu akiomba kitu. Hata mgonjwa alikuwa anasema maji yapo, chakula kipo, nenda kapumzike. Siku hiyo alinishika mkono, mkono wake umejaa alama za sindano, akasema, "Dada, lile vazi langu liko salama?"

"Liko salama."

"Nikishindwa kwenda, Geofrey atalivaa, tunalingana mwili. Ila lionekane. Sijawahi kufanya kazi nyingine nikaipenda vile. Nataka walione, basi."

Nikamwahidi. Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani kwake, nikalitoa lile vazi la maboksi juu ya kabati, nikalipangusa vumbi kwa kitambaa laini, bega moja lilikuwa limebanduka nikaligundisha, nikalifunga kwenye kanga yangu mpya na kuliweka uvunguni mwa kitanda changu. Kila siku nilikuwa nalitazama kabla ya kwenda hospitali. Najua unavyonifikiria. Hata mimi ndivyo ninavyojifikiria.

Wiki hiyo ndugu zetu walikuwa wanakuja kutoka Kondoa kumjulia hali na kumsomea Yasini. Watu kumi na saba, na sisi tuna vyumba viwili. Nikasema vitu vya stoo vitoke, watoto walale humo. Nikamwita Khalidi, yule anayepita mtaani na mkokoteni akinunua chuma chakavu, nikamfungulia mlango. Nilisimama nje, harufu ya siki bado ilikuwa inanikera. Akatoa mapipa, akatoa vipande vya mabati, akatoa na vitu vingine vyenye kutu vimeunganishwa kwa nyaya, vizito, akavibana kwa mguu ili viingie kwenye kiroba. Kimoja kilikataa kukunjika, akakipiga na jiwe. Nilimharakisha. Nilimwambia achukue tu vyote, aniachie sakafu. Hela aliyonipa niliinunulia sukari ya chai ya wageni.

Hanifu aliruhusiwa Alhamisi ili asomewe nyumbani. Ijumaa baada ya Yasini, wageni wakila, akaniomba nimfungulie stoo. Nikamwambia stoo nimeisafisha, vazi lako ninalo mimi, nimelitunza. Nikakimbia chumbani nikaleta kanga, nikaifungua mbele yake kwa furaha kabisa.

Aliyatazama maboksi. Akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na la chuma?"

Nilivaa kandambili nikatoka, wageni wananiita sigeuki, nikapanda bodaboda mpaka kwenye yadi anakouza Khalidi. Khalidi alikuwepo. Alinikumbuka, akaniambia kiroba changu kilipakiwa Jumatano, lori limeshakipeleka kuyeyushwa. Nikamuuliza kama hakuona kitu chochote humo, kitu kimetengenezwa, kama kofia, kama nguo. Akafikiria kwa dhati, sitamlaumu. Akasema, "Mama, mimi niliona ni vyuma vilivyookotwa jalalani. Vimelala nje kama miaka hamsini hivi."

Njiani nilitunga uongo wa kila aina, kwamba limeibwa, kwamba nimempa Geofrey. Nilipofika na kumwona ameketi pale pale nilipomwacha, kanga imefunguliwa mapajani, uongo ulinishinda. Nikamwambia yote, na ya Khalidi pia.

Halafu akauliza, "Alisema miaka hamsini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi liliiva." Akacheka kidogo, kicheko kikamgeukia, akalia. Alilia kama alivyolia mama alipokufa, kwa mabega, bila kelele. Heri angenitukana. Heri angenipiga mbele ya wageni wote wale wa Kondoa. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Hukujua, dada." Kwa hilo neno nimekosa usingizi mpaka leo, kwa sababu si kweli. Kujua ilikuwa ni kuingia mlango mmoja na kutazama.

Hanifu alifariki Jumanne. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na Geofrey alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Jumamosi yake ndiyo ilikuwa siku ya mkutano. Walitaka kuahirisha, mimi ndiye niliyewakataza. Nikafungasha yale maboksi nikaenda nayo, maana nilikuwa nimeahidi na sikuwa na kingine.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mganga aliyeshonewa joho la viroba vya mbolea, mwendesha mkokoteni mwenye miwani ya chupa, msichana aliyejitengenezea ngao kwa mfuniko wa pipa na matairi. Watoto wa watu, wazima, wenye akili zao. Nilipita katikati yao na buibui langu la msiba na maboksi yangu, wakanipisha wote. Walijua mimi ni nani. Geofrey alinipokea, akanikalisha mbele, akaniamkia kwa heshima.

Nikawaambia ukweli wote, nikiwa nimesimama. Geofrey aliyapokea maboksi kwa mikono miwili, akayaweka mezani vizuri, akasema hilo lilikuwa jaribio la kwanza tu, marehemu alishawaambia kwamba la chuma halifanani nalo hata kidogo, alilibadilisha lote. Kisha Dorkasi akaja. Ndiyo mara ya kwanza namwona, mwanamke mfupi, mnene, wa umri wangu. Alivuta kiti akaketi karibu yangu, goti kwa goti, akafungua daftari kubwa la kuchorea, akachonga penseli.

"Dada Swaumu," akasema, "katika kundi letu, aliyekiona kitu kwa macho yake akikisimulia, kinaingia. Kinakuwepo. Hatuhitaji chuma. Sisi hatukuliona, hatuna hata picha. Wewe umekaa nalo miaka mitatu nyumba moja. Tuanzie juu, polepole. Kofia ilikuwaje?"

Waliokuwa nyuma walisogea, wengine wakakaa chini sakafuni na mavazi yao ili wasikie. Nikafumba macho, nikaitafuta. Niliona mlango wa stoo. Niliona ndoo zangu. Niliona mkono wangu umeziba pua. Nilimwona Hanifu juani, amechuchumaa, ameshika kitu mapajani anakisugua kwa majivu taratibu, uso wake una raha, na pale kwenye mapaja yake hapakuwa na umbo lolote nililoweza kulitaja.

"Usiwe na haraka," Dorkasi akasema. "Chochote unachokikumbuka."

"Ilikuwa na kutu," nikasema.

Akaliandika hilo neno pembeni mwa karatasi, akaishika penseli vizuri, akaniangalia, akangoja niendelee.