Barafu ya Mars na vumbi la mbao la Kaswera

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya karakana ya seremala mtaani Mususa, Butembo, mashariki mwa Kongo, Kaswera Agar anachota vumbi la mbao kwa mikono miwili na kulifukia juu ya barafu. Analishindilia kwa ngumi. Hana muda wa soga.

"Ukiacha katundu hata kadogo, joto inaingia sawa mwizi," anasema akifunga gunia.

Mama huyu wa miaka 39 huwauzia barafu wauza samaki wa Beni. Pikipiki hubeba kilo sitini, mwendo wa kilomita hamsini na ushee. Siku njema hubaki na faranga elfu kumi na tano. Siku mbaya hubaki na gunia la maji.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alipofariki. Sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka jana alianguka, na fizikia ndiyo iliyomwangusha.

"Nililia siku mbili. Ya tatu nikarudia ku barafu," anasema.

Mwezi uliopita Mwalimu Mathe Zacharie, anayefundisha watu wazima alasiri katika ukumbi wa parokia, alileta somo la Mars. Alieleza kuwa sayari hiyo ina barafu chini ya udongo, na kwamba watu wakifika huko siku moja wataihitaji kwa maji ya kunywa, hewa ya kupumua, hata mafuta ya chombo cha kuwarudisha. Ila ikifunuliwa, kwa kuwa hewa ya kule ni haba mno, barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza.

Darasa likaguna. Barafu ikae miaka chungu nzima bila kuisha? Thubutu!

Kaswera akasimama. Alikumbuka safari yake ya kwanza ya kuuza katika mji wa Mangina, alipoona haya kumpa mteja barafu yenye uchafu wa mbao. Aliiosha yote ikang'aa, akaipanga mezani. Kabla mteja wa tatu hajafika, mtaji wote ulikuwa umetiririka barabarani.

"Barafu haiombi usafi, inaomba blanketi," aliwaambia wenzake. "Kule Mars vumbi ndiyo blanketi. Ule mutu mwenye ataenda kule, asifunue yote sawa miye. Afunue ya leo, ingine aache ilale."

Mwalimu Zacharie anacheka akikumbuka. "Nilikuwa na kurasa nne juu ya ile, yeye akaimaliza na maneno mbili. Lakini nilimwambia: mama, mutihani inaomba hesabu, hapana maneno tu."

Neno hilo lilimchoma. Tangu siku ile Kaswera hupima barafu Butembo, huipima tena Beni, kisha hukokotoa joto lililoiyeyusha. Daftari lake la kwanza limejaa. Mtihani umebaki wiki sita, na akifaulu anataka kusomea ualimu wa fizikia.

Saa nne sokoni Beni, mzani unaonyesha kilo hamsini na mbili. Kaswera anafunua kona moja tu ya gunia, anampa muuza samaki Falonne fungu lake, na kufukia upya.

"Mama Barafu, utaenda kuuza Mars?" Falonne anamtania.

"Miye hapana," anajibu, akiandika hamsini na mbili. "Lakini mutoto wa kwenda ataanza ku shule ya hapa hapa. Lazima anikute mbele ya ubao."